Jina Jipya, Damu Ile Ile

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Charles Lindbergh, rubani wa Marekani. Tarehe 20 Mei 1927 aliondoka New York peke yake katika ndege ya injini moja, akaruka saa 33 na nusu bila kutua, akafika Paris kesho yake usiku. Dunia nzima ikamsifu. Lakini ukoo wake ulitoka wapi?

Mtu akilifuata jina lake tu, atapotea njia. Babu yake aliitwa Ola Månsson, yaani Ola mwana wa Måns. Alikuwa mkulima wa Sweden na mjumbe wa bunge. Akashtakiwa kwa ajili ya fedha za benki. Tena alikuwa amezaa na msichana asiye mke wake. Mwaka 1859 alikimbilia Marekani pamoja na msichana huyo na kitoto chao, akamwacha mkewe na watoto wake. Huko akajiita August Lindbergh, akalima shamba Minnesota. Kile kitoto kikakua, kikawa mbunge wa Marekani. Ndiye baba wa rubani.

Jina liligeuzwa, lakini maandiko yalibaki. Zamani zile wachungaji wa Sweden waliandika katika vitabu vya parokia nani amezaliwa, nani ameoa, nani amehama.

Sasa tumtazame mjukuu. Alikufa mwaka 1974. Mwaka 2003 ndugu watatu wa Ujerumani walitangaza kwamba Lindbergh ni baba yao. Utotoni walimjua kwa jina la Careu Kent, mtu wa kuja siku chache na kwenda zake. Walikuwa na barua alizomwandikia mama yao. Na mwaka ule ule vipimo vya DNA vilivyofanywa Munich vikaonyesha kwamba wanasema kweli.

Wazee husema: njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, walakini ilifika mwisho. Ushujaa wa 1927 haukupungua. Lakini siri ya mkubwa ililipwa na wadogo, Sweden kwanza, Ujerumani baadaye.

Basi, tunapoandika habari za ukoo, tusichague wale wa kujivunia tu. Tuwaulize wazee wangali hai, tuandike jina la kila mtoto, hata yule asiyetajwa mbele ya wageni. Naye ni wa ukoo.