Nyimbo za Liebling na Miaka Iliyoliwa na Unga

Bendi ya Pentagram iliundwa mwaka 1971 katika jimbo la Virginia, Marekani, na vijana wawili, mwimbaji Bobby Liebling na mwenzake Geof O'Keefe. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Kuchelewa huko kwa miaka 14 kunauma kwa sababu nyimbo zilikuwepo tangu mwanzo: roki nzito ya mwendo wa taratibu, yenye magitaa yanayonguruma, mtindo uliokuja kuitwa doom.

Bahati iliwabishia hodi mapema. Mwaka 1975 Gene Simmons na Paul Stanley wa bendi ya Kiss walikwenda wenyewe kuwasikiliza mazoezini, wakaondoka bila makubaliano yoyote. Baadaye, wakati wa kurekodi nyimbo za majaribio, Liebling aligombana na mtayarishaji Murray Krugman, na matumaini ya kupata mkataba mkubwa yakaishia hapo.

Liebling akazama kwenye unga: heroini, kisha kokeini ya kuvuta. Wanamuziki wakaingia na kutoka. Ni ujio wa mpiga gitaa Victor Griffin na mpiga ngoma Joe Hasselvander, mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliofanikisha albamu hiyo ya 1985, na hata hapo wasikilizaji walikuwa wachache.

Sifa zilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2002 kampuni ya Relapse ilikusanya rekodi za miaka ya 1970 katika albamu ya First Daze Here, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa zilipoimbwa wakaanza kuzisaka. Shabiki mmoja, Sean Pelletier, akawa meneja wa Liebling. Filamu ya Last Days Here ya mwaka 2011 inaonyesha jinsi Pelletier alivyomkuta Liebling: mtu wa makamo aliyezeeka kabla ya wakati, anaishi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake kule Maryland, mikono imejaa vidonda kwa kujikwangua, akiamini kuna wadudu chini ya ngozi. Pelletier hakumwacha. Mwaka 2009 Liebling alipanda jukwaani Webster Hall, New York, na ukumbi ukamshangilia.

Hadithi haikuishia kwenye makofi hayo. Mwaka 2017 alifungwa kwa kosa la kumdhuru mama yake, bibi wa zaidi ya miaka 80, mzazi yuleyule aliyemhifadhi kwa miongo mingi. Anayemsifu Liebling bila kumtaja mama huyo anaficha nusu ya habari.

Mwanzoni mwa 2025 bendi ilitoa albamu ya Lightning in a Bottle, na video ya Liebling akiwakodolea macho watazamaji ikasambaa mitandaoni. Wengi walimjua kwa macho hayo tu. Wapo pia wanaodai kwamba unga ndio uliompa kipaji. Si kweli: nyimbo zilizomrudishia jina alizitunga akiwa kijana, na unga ukamnyang'anya miaka ya kuziimba. Anayetaka kumfahamu aanze na First Daze Here.