Uusome Ujumbe, au Umuulize Aliyeuleta

Mwaka 1440 Lorenzo Valla, mzaliwa wa Roma aliyekuwa akimtumikia Mfalme Alfonso wa Aragon, aliichambua hati iliyokuwa ikiwapa mapapa hoja ya kutawala. Hati ilidai kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa Silvesta himaya ya magharibi. Valla hakutafuta mashahidi, walikuwa wamekwishaoza. Alikisoma Kilatini cha hati na kukuta inawataja maliwali kwa cheo cha Kiajemi ambacho Roma ya Konstantino haikuwa nacho. Leo hakuna mwanahistoria makini anayeitetea. Ilitungwa mnamo karne ya 8.

Mafunzo tunayopewa dhidi ya utapeli wa mtandaoni yanafuata nyayo za Valla, ingawa hayamtaji. Tunaambiwa tukague tahajia, tutilie shaka salamu zisizo za kawaida, tuangalie kama anwani ya tovuti imeongezwa herufi. Njia hiyo imewahi kuokoa mamilioni. Februari 2016 wezi walioingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 kwa Federal Reserve ya New York, wakitaka karibu dola milioni 951. Milioni 81 zilifika Manila, na sehemu kubwa ikayeyukia kwenye kasino. Lakini milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu jina la taasisi ya kuzipokea lilikuwa limeandikwa vibaya, na benki iliyokuwa katikati ya njia ikauliza.

Tatizo ni kwamba tapeli naye amekwenda shule. Programu za akili mnemba zinamwandikia Kiingereza cha benki na Kiswahili cha afisa mikopo bila kosa hata moja. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alipata barua pepe iliyozungumzia muamala wa siri, akaitilia shaka. Valla angempongeza. Kisha akaitwa kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake, sura zilezile, sauti zilezile. Shaka ikamtoka, akahamisha takriban dola milioni 25. Wote aliowaona walikuwa wa kutengenezwa. Alikuwa amekagua maandishi sawasawa, ila mkutano wenyewe hakuukagua: umeitishwa na nani, na kwa njia gani?

Swali hilo lina wataalamu wake wa kale, na wanafunzi wao wangali wapo Lamu na Unguja, ambako mwalimu humpa mwanafunzi ijaza inayotaja nani alisoma kwa nani. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, amepokewa akieleza kwamba hapo awali watu hawakuwa wakiulizia sanadi, yaani mnyororo wa waliopokezana habari. Fitina ilipozuka ndipo wakaanza kudai watajiwe wapokezi. Mkaguzi wa hadithi za Mtume hakuanza na uzuri wa maneno, kwa kuwa maneno mazuri hata mzushi anayo. Alianza na watu: huyu kasikia kwa nani, aliishi mji gani, hifadhi yake ikoje, uzeeni alichanganyikiwa au la.

Ndani ya elimu hiyo mna ubishi ambao ningependa kila idara ya fedha iusome. Al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anajulikana kwa kutaka ithibiti kwamba mpokezi na shehe wake walikutana. Mwanafunzi wake Muslim aliridhika wakiwa wameishi zama moja na kukutana kwao kunawezekana, mradi mpokezi asiwe na tabia ya kuficha alikopata habari. Kuficha huko kuliitwa tadlisi: mtu anasema "kutoka kwa fulani", nawe unadhani kamsikia mwenyewe, kumbe kuna wa tatu kati yao aliyerukwa.

Kwa pesa za simu mimi ni wa upande wa Bukhari. Tanzania nzima inaujua ule ujumbe unaosema ile hela uitume kwa namba hii. Kilatini chake hakina doa. Ni mfupi, hauna kiungo cha kubofya, umeandikwa kama anavyoandika mwenye nyumba yeyote. Unasambazwa kwa maelfu, na siku hiyo hakosekani mtu mmoja aliyekuwa kweli anajiandaa kulipa kodi. Kampuni za simu zilipoweka utaratibu wa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, matapeli waliugeuza kuwa ushahidi wao: wakaanza kuandika ndani ya ujumbe ni jina gani litatokea. Jina linatokea kweli, mtumaji anatulia. Laini imesajiliwa, jina ni la mtu halisi, ila mwenye nyumba hayumo kabisa katika mnyororo huo. Tadlisi haihitaji uongo mwingi. Dawa yake ni kumpigia mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu siku mlipokutana, hata kama unaona haya kumsumbua.

Hata hivyo nisingependa mzigo wote uangukie kidole cha mama lishe. Sanadi hazikukaguliwa na kila muumini sokoni. Walikuwapo watu waliojitolea maisha yao kwa kazi hiyo, na wengine wakategemea hukumu yao. Wahandisi wameanza kufika huko. Ufunguo wa usalama, ule wa kuchomeka kwenye kompyuta au uliohifadhiwa ndani ya simu, huangalia wenyewe anwani ya tovuti inayouliza. Ikiwa si ile uliyoandikishwa nayo, haujibu, hata mwenyewe awe amekwishatapeliwa na anaulazimisha. Huo ni Ubukhari uliotiwa ndani ya chuma: bila kukutana kwanza, hakuna kupokea. Google ilieleza mwaka 2018 kwamba katika wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 haikuthibitika hata akaunti moja ya kazi kunaswa kwa ulaghai tangu iwatake watumie funguo hizo mwanzoni mwa 2017.

Njia ya sanadi nayo ina mwanya, na walioutangaza kwanza ni mabingwa wake wenyewe. Ali bin al-Madini, mwalimu wa Bukhari, alisifika kwa kutambua ila zilizojificha ndani ya hadithi ambayo kwa nje mnyororo wake ni mzima. Kisa cha XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, kingemfaa. Mchangiaji aliyejiita Jia Tan alifanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kuitunza programu hiyo. Kisha mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo mapya. Kwa mizani ya kawaida alikuwa mpokezi madhubuti. Aliyemgundua, mhandisi Andres Freund, alishangaa tu kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza jambo hilo. Hapo Valla anarudi na kazi yake: matini yenyewe lazima isomwe, lakini na jicho linaloifahamu kwa miaka.

Kuna jambo moja ambalo wakaguzi wa hadithi walilitatua mapema, na benki hadi leo zinalikwepa. Adh-Dhahabi wa Damascus, katika karne ya 14, aliwakusanya wapokezi waliotiwa dosari katika kitabu chake Mizan al-I'tidal, kwa majina yao. Kusema aibu za mtu ni kusengenya, na wanazuoni walilijua hilo vyema. Wakaona kunyamaza kuna madhara zaidi. Tanzania angalau mwananchi ana 15040 ya kupeleka ujumbe wa tapeli. Taasisi kubwa zikiibiwa huogopa fedheha. Waziri wa fedha wa Bangladesh alisema habari za wizi alizipata kwenye vyombo vya habari, na gavana wa benki kuu akajiuzulu Machi 2016. Banco del Austro ya Ekuado ilikuwa imepoteza dola milioni 12 hivi Januari 2015, kwa maagizo ya uongo yaliyopita katika SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya benki uleule uliotumiwa na wezi wa Bangladesh. Benki ya Tien Phong ya Vietnam ilizima jaribio la aina hiyo mwishoni mwa mwaka huohuo. Visa vyote viwili vilijulikana hadharani Mei 2016, miezi mitatu baada ya wezi kupita Dhaka.