Invertebrata wa udongoni katika ardhioevu za Migori na Homa Bay

Invertebrata wa udongoni ni viumbe wasio na uti wa mgongo wanaoishi ardhini: nyungunyungu, mchwa, siafu, jongoo, mbawakawa, konokono na mabuu ya wadudu wengi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, wanapatikana kuanzia mafunjo ya delta ya mto Kuja huko Nyatike hadi tambarare nyeusi za bonde la Lambwe. Uhai wao hutegemea jinsi watu wanavyochoma nyasi, wanavyochunga na kulima, na zaidi ya yote wanavyoyaelekeza maji.

Ulinzi haulingani. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyo katika bonde la Lambwe na yenye kilomita za mraba 120, na ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay zimetengwa kisheria kwa ajili ya wanyamapori. Mafunjo ya mwambao wa ziwa Viktoria hayana uzio. Yanategemea kanuni za ardhioevu za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Chini ya mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, udongo hauna hewa, na mizizi iliyokufa hurundikana bila kuoza kabisa. Humo hudumu minyoo wembamba wekundu na mabuu ya visubi ambao damu yao hunasa hata oksijeni kidogo. Mafunjo yakikatwa kwa mikono na mizizi kuachwa, huchipua tena, na walio chini hawasumbuki sana. Mfereji ukichimbwa, mambo hugeuka: hewa huingia, masalia huoza upesi, ardhi hudidimia na wenyeji hao hutoweka. Nyungunyungu wa shambani huweza kuhamia hapo, kwa hiyo kuhesabu viumbe bila kuwatambua kunapotosha. Idadi inaweza kupanda ilhali kinamasi kimekufa.

Udongo mweusi wa Ruma hufura wakati wa mvua na kupasuka nyufa ndefu kiangazi. Nyungunyungu hushuka chini, hujikunja ndani ya ute na kungoja mvua. Moto wa nyasi hauwafikii, kwa kuwa joto lake hupenya sentimita chache tu. Wanaoungua ni wakazi wa majani makavu, kama jongoo na konokono wadogo. Ndiyo maana ni heri kuchoma mapema, nyasi zingali nusu mbichi, kwani hubaki vipande visivyoungua vya kujificha. Vichuguu vya mchwa husimama juu ya mafuriko, na mvua zikianza hutoa kumbikumbi, ambao Wajaluo huwaita ngwen, kitoweo kinachopendwa sana.

Kwenye malisho, kwato hukandamiza udongo uliolowa. Hasara isiyoonekana hutokana na dawa za minyoo aina ya ivermektini: hutoka na kinyesi cha ng'ombe na kuua mabuu ya mbawakawa wanaofukia mavi.

Mbung'o wa Lambwe naye ni mkazi wa udongoni kwa muda. Jike huzaa buu mmoja aliyekomaa, ambaye hujichimbia ardhini na kuwa pupa kwa takriban mwezi mzima. Mwaka 1981 ndege zilinyunyiza endosulfani, sumu ya wadudu, bondeni ili kuwaua mbung'o, na ilibidi zirudie kwa sababu sumu haikuwafikia waliozikwa. Kila awamu iliwaangukia pia wadudu wasio na hatia. Mitego na vitambaa vyenye dawa vilivyotumika baadaye huwavuta mbung'o wanaoruka, na udongo hauguswi.