Machozi na Swali

Mtu aweza kulia kwa ajili ya msiba wa mtu ambaye hakuzaliwa kamwe. Hukaa kitabu mkononi, au hukaa gizani mbele ya sinema, na moyo wake ukamuuma kana kwamba aliyefikwa na maafa ni ndugu yake wa damu. Kisha kitabu hufungwa, taa huwashwa, naye hufuta macho akaenda kula chakula chake. Je, machozi ya namna hiyo yana faida gani? Swali hili lilinijia kwa sababu ya riwaya moja na sinema mbili za Afrika ya Kusini, na aliyenifunza njia ya kulijibu ni mtu ambaye hakupata kusoma kitabu hata kimoja.

Nalikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu nilipoikuta riwaya hiyo maktabani, kurasa zake zimegeuka rangi na jalada lake limeshonwa kwa uzi. Jina lake ni Cry, the Beloved Country, nalo ni wito kwa nchi ipendwayo kwamba ilie. Mtungaji wake, Alan Paton, alikuwa Mzungu aliyezaliwa mjini Pietermaritzburg mwaka 1903. Alianza kazi kwa ualimu, na tangu mwaka 1935 alikuwa mkuu wa Diepkloof, karibu na Johannesburg, mahali walipowekwa wavulana wa Kiafrika waliovunja sheria ili warekebishwe. Mwaka 1946 alisafiri ng'ambo kutazama magereza na shule za namna hiyo katika nchi nyingine. Alipokuwa Trondheim, nchini Norwe, alishikwa na hamu ya kwao, akaanza kuandika. Kazi hiyo akaimaliza San Francisco, Marekani. Kitabu kilichapishwa mwaka 1948.

Hadithi yenyewe si ngumu kusimulia. Kasisi mzee, Stephen Kumalo, wa kijiji cha Ndotsheni huko Natal, apata barua kwamba dada yake ni mgonjwa Johannesburg. Mwanawe Absalom naye alikwenda katika mji huo huo, asirudi wala asiandike. Mzee na mkewe watoa fedha walizoziweka kwa ajili ya masomo ya mtoto huyo, na mzee ashika njia. Siku ile ile ya kuwasili, kijana mmoja amhadaa kwamba atamkatia tikiti ya basi, kisha atoweka na pauni yake. Kumalo atafuta mwanawe nyumba kwa nyumba, na kila afikapo aambiwa kwamba kijana amekwisha hama. Mwishowe amkuta gerezani. Absalom alikwenda kuiba, akaingiwa na hofu, akampiga risasi Mzungu aitwaye Arthur Jarvis nyumbani mwake. Na Mzungu huyo alikuwa mmoja wa wachache waliotetea haki za Waafrika. Vijana wawili walioshtakiwa pamoja naye wakana, nao waachiliwa. Absalom asema kweli, naye ahukumiwa kitanzi.

Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa Nairobi akitafuta kazi, na kwa miezi mitatu simu yake ilikuwa haipatikani. Nilisoma riwaya ile usiku kwa tochi, wenzangu wamelala, na kila mlango uliofungwa mbele ya Kumalo niliona umefungwa mbele ya baba yangu. Nililia bila kuona haya. Kaka yangu alirudi salama, Absalom hakurudi.

Likizo ilipofika nilimsimulia nyanya yangu hadithi hiyo jikoni, kwa lugha yetu, tangu barua hata kitanzi. Nyanya alizaliwa katika shamba la Mzungu huko Bonde la Ufa, ambako baba yake alikuwa kibarua. Nilitazamia kwamba angelia. Hakulia. Alisukuma kuni mekoni, akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mzee alikuwa na shamba?"

Nikamweleza kwamba ardhi ya Ndotsheni ilikuwa imechoka, mahindi hayakupita kimo cha mtu, na vijana wote walikuwa wamekwenda mjini.

"Na ardhi njema ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya baba yake yule Mzungu aliyeuawa. Shamba lake lilikuwa kule juu ya kijiji."

"Yeye aliipata kwa nani?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima, nimelowesha mto kwa machozi, wala swali hilo halikunijia hata mara moja. Niliporudi chuoni nilikwenda tena maktabani, safari hii katika rafu za historia.

Huko nilikuta kwamba mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, na mji wa Johannesburg ukazaliwa. Migodi ilihitaji vibarua wengi kwa mishahara midogo, lakini mtu mwenye shamba na ng'ombe hapendi kwenda kufukua chini ya ardhi kwa ujira haba. Kodi zikawasukuma wengi kutafuta fedha. Kisha mwaka 1913 ikatungwa sheria ya ardhi iliyowatengea Waafrika, ambao walikuwa ndio wengi, kiasi cha sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za nchi, na kuwakataza kununua ardhi nje ya mipaka hiyo. Sheria ya mwaka 1936 ilikusudia kukiongeza kiasi hicho kifike 13 hivi. Watu walisongamana, mifugo ikamaliza majani, mvua ikachukua udongo. Hiyo ndiyo sababu mahindi ya Ndotsheni hayakurefuka, na ndiyo sababu Absalom alipanda gari moshi.

Nyanya yangu hakuhitaji kusoma sheria hizo. Baba yake alivaa shingoni kipande, karatasi ya majina na alama za vidole ndani ya kikopo cha bati, ambayo Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kutembea bila nayo. Kipande kilifutwa nchini kwetu mwaka 1947. Pasi za Afrika ya Kusini zilidumu hata mwaka 1986. Kwa hiyo aliijua habari ya Kumalo kabla sijamsimulia.

Niliirudia riwaya nikaisoma kwa jicho jingine. Niliona mambo ambayo machozi yalikuwa yameyaficha. Katika kurasa zake watu wakataa kupanda mabasi kwa sababu nauli imepandishwa, nao waenda kazini kwa miguu. Jambo hilo halikubuniwa. Wakazi wa Alexandra walisusa mabasi mwaka 1943 kwa siku tisa, na tena mwaka 1944 kwa majuma saba, nauli ilipotaka kupandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5. Tena riwaya yasimulia watu wasio na nyumba wanaojenga mji wa mabanda kwa usiku mmoja. Hilo nalo lilitokea mwaka 1944 huko Orlando, watu wakiongozwa na James Mpanza. Kumbe mtungaji aliyeniliza alikuwa pia amenipa ushahidi, nami sikuuchukua.

Mwaka 1951 riwaya hiyo ilifanywa sinema na Zoltan Korda. Tuliitazama chuoni, wanafunzi wengi katika chumba kimoja. Mmarekani mweusi Canada Lee ndiye Kumalo, na Sidney Poitier, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, ndiye kasisi Msimangu. Mzee yule anaposimama mbele ya baba yake Arthur Jarvis, hana budi kumwambia ni mtoto wa nani aliyemwua mwanawe, na miguu yake yakataa kumchukua. Hapakusikika kikohozi katika chumba kile. Lakini baadaye nilipata kujua jambo lililonigusa kuliko sinema yenyewe. Poitier alisimulia kwamba, ili waruhusiwe kuingia Afrika ya Kusini, yeye na Lee iliwapasa waandikwe kama vibarua wa mkataba wa Korda. Watu waliokuja kuigiza mateso ya nchi ile waliyaonja mlangoni mwake.

Sinema ya pili ni Come Back, Africa ya Mmarekani Lionel Rogosin, iliyotolewa mwaka 1959. Rogosin aliipiga kwa siri, huku akiwadanganya wenye serikali kwamba anatengeneza sinema ya muziki. Hapa tena mwanamume atoka Uzuluni kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Wengi waonekanao si waigizaji wa kazi. Ni wakazi wa mji wenyewe, na Sophiatown yao ilikuwa ikibomolewa wakati ule ule. Katika nyumba moja ya pombe vijana wasomi wabishana, miongoni mwao Lewis Nkosi, nao wamkosoa mzee Kumalo. Wamwona mpole kupita kiasi, mtu wa kuhurumiwa badala ya mtu wa kudai haki yake.

Nilipowasikia nilimkumbuka nyanya. Nilikuwa nimemweleza pia jinsi Jarvis, baada ya msiba, alivyowapelekea watoto wa Ndotsheni maziwa, akawaletea na bwana shamba. Nyanya alisema, "Maziwa ni mema. Lakini ng'ombe hao walilisha wapi?" Kwa haki ya Paton sharti niseme kwamba hoja hiyo imo katika riwaya yake, kinywani mwa bwana shamba yule kijana. Tena Paton hakuishia katika kuandika: aliongoza chama kilichopinga ubaguzi, na mwaka 1960 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Mimi ndiye niliyesoma kwa moyo nikaiacha akili imelala.

Historia imethibitisha uzito wa swali la nyanya. Mwaka ule ule wa 1948 riwaya ilipotoka, chama cha Makaburu kilishinda uchaguzi, na ubaguzi ukawa msingi wa sheria. Wapiga kura wa rangi zote walipochagua serikali mwaka 1994, moja katika sheria za kwanza ilihusu kuwarudishia ardhi walionyang'anywa. Na tarehe iliyowekwa ya kuanzia madai ni 19 Juni 1913, siku ile ile ya sheria iliyoidhoofisha Ndotsheni.

Wanafunzi wangu, sisemi msilie. Asiyeweza kumlilia Kumalo hataweza pia kumlilia jirani yake. Lakini machozi ni kama kubisha hodi: aliyebisha akaondoka hakuingia nyumbani. Mfungapo kitabu kilichowaliza, ulizeni kama alivyouliza mwanamke yule mekoni: ardhi ilikuwa ya nani, nani aliitwaa, na kwa sheria ipi? Kisha nendeni mkatafute jibu, hata kama ni katika rafu ambayo hakuna anayeigusa.