Morse kutoka Kigwa: kwa nini 5H inawachanganya watu hewani

Leo tuongelee msimbo wa Morse, yale mawasiliano ya nukta na vistari. Wengi mnadhani ulikufa na meli za zamani. Wapi! Watu wa redio za ridhaa wanautumia kila siku.

Chukulia uko Kigwa, kule Uyui, Tabora. Stanley alipita hapo Juni 1871. Msafara wake ulitembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, na barua za enzi hizo zilikwenda kwa miguu hivyo hivyo. Leo ukiwa na leseni ya TCRA, betri ya gari, redio ya wati 5 na waya wa mita 10 juu ya mwembe, masafa ya megahezi 14 yanaweza kukufikisha Ulaya siku hali ya anga ikiwa nzuri. Hakuna mnara, hakuna vocha.

Sasa kasheshe yetu ni hii. Alama za vituo vya Tanzania zinaanza na 5H, na Bara wengi ni 5H3. Cheki:

5 = .....
H = ....
3 = ...--

Nukta tupu! Ukiharakisha zikaungana, mwenzio anasikia mvua tu. Halafu nukta nane mfululizo maana yake "nimekosea". Yaani wewe unajitaja jina, yeye anaelewa unafuta!

Dawa ni nafasi, sio mbio:

- Kistari kimoja ni urefu wa nukta 3
- Ndani ya herufi, kimya cha nukta 1
- Kati ya herufi, nukta 3
- Kati ya maneno, nukta 7

Kabla ya kuita, sikiliza kwanza, kisha uliza QRL? (kuna mtu hapa?). Kimya? Gonga CQ CQ DE, alama yako mara mbili, malizia na K. Akijibu mpe RST (599 ni safi kabisa), jina na QTH, yaani ulipo. Akienda kasi mno, mwambie QRS, atapunguza. Kuaga ni 73, kisha SK.

Tangu 2003 sheria za kimataifa hazilazimishi mtihani wa Morse, kila nchi inaamua yenyewe. Ukijifunza, tumia masikio, usikariri michoro. Na usigonge kwa kasi ambayo wewe mwenyewe huwezi kuipokea.

Mwenye swali atupie hapo chini. 73!