Kanda ya Babu

Pale Chara, babu alikuwa na redio-kaseti na kanda ya dakika 60. Taarifa ikianza, anabonyeza kurekodi. Dakika 30 zikiisha, kitufe kinaruka chenyewe. Mto Tana ulipofurika, kanda ikaenda na maji.

Nilimkumbuka Februari 2025, alipofariki Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye waasi walimlazimisha kutangaza mapinduzi kwenye Sauti ya Kenya, Jumapili ya Agosti 1, 1982. Kwetu hakuna aliyeirekodi asubuhi ile.

Siku hizi redio iko mtandaoni, na laptopu ndiyo inabonyeza. Nimeiwekea ratiba: saa moja jioni ianze, dakika 60 zikifika ikate. Bila kikomo haiachi. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ni kama megabaiti 58. Siku nzima inapita gigabaiti moja. Diski ikijaa, ya kesho umeikosa.

Mwanzo niliandika 1, nikihesabu Kiswahili. Ikarekodi saa saba usiku! Sasa naandika 19.

Lakini mapinduzi yale hayakungoja taarifa ya jioni. Basi nimeongeza na 7.