Mgeni Mwenye Daftari

Leo tunazungumza juu ya mgeni anayebisha hodi akiwa na daftari. Je, unamkaribisha, au unamtuma mtoto aseme mama hayupo?

Mgeni huyu si mpya hapa Machakos. Katika miaka ya 1970, kituo cha utafiti wa tiba cha Nairobi, kilichokuwa chini ya Taasisi ya Kifalme ya Kitropiki ya Amsterdam, Uholanzi, kilifanya kazi Matungulu na Mbiuni. Kila baada ya wiki mbili, mkusanyaji habari alipita nyumba kwa nyumba. Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani anakohoa, nani ana vipele? Watu walioandikwa walikuwa karibu 24,000.

Kwa nini hawakungoja hospitalini? Kwa sababu hospitali humjua mgonjwa anayefika tu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au aliyekufa kwa surua kabla ya kupata gari, haonekani katika vitabu vyake. Habari zilipatikana mlangoni, kwa mama. Mwaka 1984 matokeo yalichapishwa katika kitabu, na madaktari wa nchi nyingine wakajifunza juu ya surua na kifaduro kutokana na familia za Ukambani.

Wazee wetu wengi hawapendi watoto wahesabiwe. Tunawaheshimu. Lakini fikiria, mama: mtoto asiyeandikwa, nani atajua amekosa chanjo?

Mwaka 2006 serikali ilianzisha mkakati wa afya ya jamii. Septemba 2023, wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa na kupewa mikoba ya vifaa. Wale wa zamani walikuja hasa kuuliza. Huyu wa leo nawe unaweza kumwuliza.

Hakuja kukagua sufuria zako. Mwonyeshe kadi ya kliniki. Hakikisheni mtoto amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Usimfiche mtoto anayeharisha, wala mwenye ulemavu.

Lakini mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au akipata degedege, usimngoje mgeni. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Basi hodi ikibishwa, itikia karibu.